Mishipa iliyotokeza miguuni: soksi, sindano ya povu, leza au kisu, kwa mtu wa Lamu

Ukitaka kujua ni wanawake wangapi wa huku kwetu wana mishipa iliyotokeza miguuni, simama kwenye ngazi za gati la Mokowe, upande wa bara, boti ya kisiwani inapofika. Buibui lazima linyanyuliwe kidogo ili mtu asijikwae, na kwa muda wa hatua mbili tatu unaona: mshipa wa buluu umejisokota nyuma ya goti kama kamba iliyotupwa, mwingine umeteremka kwenye shavu la mguu hadi kifundoni. Kisha buibui linashushwa na hakuna aliyeona kitu. Mimi nimo katika hao. Ni mwalimu, nimesimama mbele ya ubao miaka 20 na zaidi, na mama yangu kabla yangu alisimama mbele ya karai la mahamri tangu alfajiri mpaka jua likapanda.

Wanaume nao wana sababu yao ya kunyamaza. Hapa Lamu ukisema "nina mshipa," watu wanaelewa busha au ngiri, na baraza nzima itakucheka kabla hujafika kwenye habari ya mguu. Jirani yangu, fundi wa majahazi, aliuficha wake ndani ya kikoi mpaka ngozi ya juu ya kifundo ikageuka rangi ya kahawa, ikakakamaa, ikaanza kutoa maji. Nitamrudia.

Mimi nimevaa soksi za kubana, nikachomwa sindano ya povu, na mwisho nikafanyiwa leza. Kisu sijakipitia, lakini shangazi yangu amekipitia na makovu amenionyesha. Wanaonijia kuuliza huanza na bei. Mimi huwauliza wako tayari kwa safari ngapi, maana mtu wa Mombasa na mtu wa Lamu wakilinganisha tiba hizi, mmoja anahesabu nauli ya tuktuk na mwingine anahesabu boti, basi, mahali pa kulala na siku za kazi zilizopotea.

Una nini hasa?

Damu ikishuka miguuni hushuka kwa raha. Kupanda ndiko kwenye kazi. Kila ukipiga hatua, misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa na kuisukuma damu juu, na vali ndogo zilizo ndani ya mishipa hufunga nyuma yake isirudi. Mwenye pampu ya kisima atanielewa mara moja: vali ya chini ikifa, pampu inavuta, maji yanapanda, ukiiachia yanarudi kisimani. Mguuni, damu inayorudi hutuama, mshipa hutanuka, na vali inayofuata nayo hushindwa kufunga. Urithi una mkono wake hapo, na umri, na mimba, na unene, na kazi ya kusimama.

Simama kama dakika 5 penye mwanga, utazame nyuma ya magoti na upande wa ndani wa miguu. Vimishipa vyekundu au vya zambarau vilivyotapakaa kama utando wa buibui, ambavyo ukipitisha kidole huwezi kuvihisi, mara nyingi ni suala la sura tu. Mshipa wa upana wa milimita 3 au zaidi, uliojisokota, laini chini ya kidole, unaonywea ukilala na kuinua mguu, huo ndio wenyewe. Pamoja nao huja uzito wa miguu jioni, kuwashwa, kifundo kuvimba mpaka alama ya kamba ya ndara ibaki, na misuli kukakamaa usiku. Asubuhi mguu huwa mwepesi tena. Wengine hawana dalili yoyote, mshipa unaonekana tu.

Tangu 1994 madaktari wana ngazi yao ya kuupima ugonjwa huu, kutoka C0 hadi C6. C1 ni ule utando wa buibui, C2 ni mshipa uliotokeza, C3 mguu umevimba, C4 ngozi imebadilika, C5 kuna kidonda kilichopona, C6 kidonda kiko wazi. Ukiona C2 kwenye karatasi yako usikose usingizi. Ukiona C4, anza kutafuta nauli. Fundi wetu wa majahazi alikuwa C4 aliyebakisha kijiti kimoja tu kimkwaruze.

Kuna mambo matatu yanayochanganywa na haya, na hapa Pwani moja lina uzito wake: matende. Miguu ya matende huvimba ikawa migumu, ngozi ikawa nene na yenye mikunjo, na uvimbe hushika hata juu ya wayo. Mwanzoni huweza kunywea kidogo, lakini baadaye usiku mzima wa kulala hauupunguzi. Mara nyingi mtu atakumbuka vipindi vya homa na tezi za manena kuuma. Huo ni ugonjwa wa minyoo inayoletwa na mbu, una dawa zake na utunzaji wake wa ngozi, na leza haina kazi hapo.

La pili ni miguu yote miwili kufura sawasawa, bila mishipa kutokeza. Hapo fikiria moyo, figo au ini, na kabla ya hayo yote soma jina la dawa yako ya presha. Amlodipini, ambayo wazee wengi wanaimeza kila siku, huvimbisha vifundo vya miguu. Usiiache mwenyewe. Mwambie aliyekuandikia.

La tatu halingoji boti ya asubuhi. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma kwenye shavu na ukawa wa moto, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au safari ndefu, huenda damu imeganda kwenye mshipa wa ndani kabisa. Pakiongezeka kukosa pumzi au kichomi kifuani, bonge hilo huenda limefika mapafuni, na hapo mtu huamshwa mwenye boti hata kama ni saa 8 za usiku.

Kabla ya kuchagua chochote: dopla

Altrasaundi ya dopla inafanywa umesimama. Mpimaji anaukamua mguu wako kwa mkono na kutazama kwenye kioo damu inaelekea wapi ukiachiwa. Hapo ndipo panapojulikana kama uvujaji umeanzia kwenye mshipa mkubwa unaopita ndani ya paja, au ni vijishina vidogo tu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua tiba. Niseme wazi: kliniki yoyote inayokupa bei ya sindano kabla ya kukupima kwa dopla, chukua mkoba wako uondoke. Mimi sikuondoka. Ilikuwa kliniki moja safi yenye viyoyozi, wakanichoma povu kwenye mishipa niliyoilalamikia mimi mwenyewe, na mshipa mkubwa wa pajani uliokuwa ukivuja hakuna aliyeutazama. Baada ya mwaka mmoja mguu ulikuwa kama ulivyokuwa.

Uliza simu kabla ya kusafiri kama dopla ya mishipa ya miguu inafanyika siku hiyo unayokwenda. Altrasaundi ya wajawazito si hii, hata kama mashine ni moja.

Soksi za kubana

Hizi ndizo kila mtu anaanza nazo, na ndizo zinazofaa kuzungumzwa kwa urefu, kwa sababu anayezipendekeza kwa kawaida hakai Lamu.

Soksi hubana zaidi kifundoni na kulegea kadiri zinavyopanda, hivyo damu inasukumwa juu. Nguvu yake huandikwa kwa milimita za zebaki, kama presha. Kwa mishipa yenye dalili wengi huandikiwa kati ya 20 na 30. Za kufika chini ya goti zinatosha watu wengi, na hazijikunji kama za mapaja. Huvaliwa asubuhi kabla mguu haujavimba, hufuliwa kwa mkono, na baada ya miezi 6 hivi huwa zimelegea, zinahitaji kubadilishwa. Zinapunguza uzito na uvimbe. Vali haziponyi, na siku ukizivua kila kitu kipo palepale.

Sasa njoo Lamu mwezi wa Februari. Joto la kaskazi, nguo iliyokunata mguuni kama ngozi ya pili, na buibui juu yake. Halafu udhu. Soksi hizi zinakuchukua dakika 10 kuzivaa, za kwanza ukiwa umekaa chini unatweta, na miguu huoshwa kwa swala tano. Kama inafaa kupaka maji juu yake, hilo kamuulize sheikh wako. Wa kwangu aliniambia soksi nyembamba kama zile haziko katika hukumu ya khufu, zile soksi za ngozi zinazopakwa maji badala ya kuosha miguu. Njia niliyoipata mimi ni kuzivaa baada ya swala ya Alfajiri na kuzivua Adhuhuri, saa ambazo ndizo ninazosimama darasani. Daktari alikubali kwamba nusu siku yenye kazi ni bora kuliko soksi zilizolala kabatini. Wale wa mahamri na sambusa wanaosimama alasiri nzima ya Ramadhani watapanga kinyume.

Onyo moja lisirukwe. Mwenye kisukari cha muda mrefu, mvutaji sigara wa miaka mingi, au yeyote ambaye vidole vyake vya miguu ni baridi na shavu la mguu linamuuma akitembea, asivae soksi za kubana kabla ya kupimwa mapigo ya miguu. Kama damu haifiki vizuri, kuibana ni kuizuia, na ngozi inaweza kufa.

Nchini Uingereza mwongozo wa taifa wa mwaka 2013 ulishaziondoa soksi kwenye mstari wa mbele: mwenye dalili apewe kwanza tiba ya kuufunga mshipa, na soksi ziwe za wale ambao tiba hiyo haiwafai. Sisi bado tunaambiwa tuvae soksi kwanza, na hasira yangu juu ya hilo ni ndogo, kwa kuwa soksi zinaagizwa na leza haiagizwi. Kwa mjamzito, soksi na kuinua miguu ndiyo tiba yenyewe. Mishipa mingi ya mimba hunywea ndani ya miezi 3 hivi baada ya kujifungua, kwa hiyo kukimbilia sindano au leza kabla ya hapo ni kutupa fedha.

Povu, leza, kisu

Sindano ya povu ni dawa ya maji iliyovurugwa na hewa kati ya mabomba mawili ya sindano mpaka iwe kama povu la sabuni. Mbinu hiyo rahisi ilienea baada ya daktari wa Italia, Tessari, kuieleza mwaka 2000. Povu linaisukuma damu, linaunguza ukuta wa mshipa kwa ndani, mshipa unajifunga. Hakuna kulazwa wala nusu kaputi, na bei ya mara moja huwa ya chini kuliko zote. Kwa vimishipa vidogo na vishina vilivyobaki baada ya tiba nyingine, ni kazi nzuri. Lakini huacha mabaka ya kahawia yanayochukua miezi kufifia, mara nyingine vinundu vigumu vinavyouma, na kwa mshipa mkubwa mara nyingi unaitwa tena. Hilo "tena" ndilo lililonikuta. Kwa mtu wa Nyali, pale Mombasa, ni alasiri moja. Kwangu ilikuwa boti, basi la zaidi ya kilomita 300 lenye vizuizi vya ukaguzi, usiku mbili kwa binamu, na darasa lililobaki bila mwalimu.

Leza, na ndugu yake wa mawimbi ya redio, huunguza mshipa mkubwa kutoka ndani. Unapigwa ganzi tu, waya mwembamba unaingizwa karibu na goti ukiongozwa na altrasaundi hadi karibu na nyonga, kisha unavutwa polepole huku ukitoa joto. Kabla ya hapo maji baridi yenye ganzi huingizwa kuuzunguka mshipa mzima, na sindano hizo nyingi ndogo ndizo nilizozihisi kuliko leza yenyewe. Niliingia saa 4, saa 6 nilikuwa natembea barabarani. Kwa wiki moja hivi niliona kama kuna uzi uliokazwa ndani ya paja, na michubuko ilikuwepo. Hatari zipo: ganzi ya kudumu kidogo kwenye ngozi, kuungua, na damu kuganda, ambayo huwapata chini ya mtu 1 kwa kila 100.

Watu huniuliza, mshipa ukifungwa damu inapita wapi? Inapita kwenye mishipa ya ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kubwa tangu hapo. Ule ulioharibika ulikuwa unairudisha damu chini, kwa hiyo kuufunga ni kuziba tobo la ndoo.

Kisu ndicho cha zamani kuliko vyote. Mshipa hufungwa kwenye manena kisha huvutwa nje, mbinu iliyokuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20. Ni nusu kaputi au sindano ya mgongo, michubuko mikubwa, na wiki 1 hadi 3 kabla ya kurudi kazini. Shangazi yangu bado hana hisia sehemu moja ya kifundo kwa sababu neva inapita sambamba na mshipa. Lakini mguu wake haujatokeza tena kitu, na hospitali isiyo na leza inaweza kuwa na daktari wa upasuaji anayeifanya kazi hii kwa ustadi. Tusimdharau.

Tiba hizi tatu zimewahi kushindanishwa kwa haki. Huko Uingereza wagonjwa 798 waligawanywa kati ya povu, leza na kisu, na matokeo ya miaka 5 yakachapishwa mwaka 2019. Waliopata leza au kisu walikuwa na nafuu ya maisha kuliko waliopata povu, na kwa hesabu ya gharama leza ndiyo iliyoonekana kulipa zaidi, ingawa bei yake ya siku ile ni kubwa. Wao hawakuhesabu hata boti ya Mokowe. Mishipa mipya inaweza kutokea baada ya tiba yoyote kati ya hizi. Anayekuahidi haitarudi kamwe anakuuzia maneno.

Fundi na kidonda chake

Kidonda kilikuja, kama ilivyotarajiwa, juu kidogo ya kifundo kwa ndani. Aliambiwa ni donda ndugu, akawekewa unga wa vidonge, asali, na mengine ambayo sitayaandika. Miezi ikapita. Kidonda cha namna hii hakifungi kwa dawa ya juu kwa sababu damu iliyotuama inaivimbisha ngozi kutoka ndani. Kinachokiponya ni bandeji za kubana zinazofungwa na muuguzi anayejua, baada ya kupima mapigo ya mguu, na kuufunga mshipa unaovuja mapema. Utafiti wa wagonjwa 450 uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba wote wakifungwa bandeji, wale waliotibiwa mshipa mapema nusu yao walipona ndani ya siku 56, na waliocheleweshwa ndani ya siku 82. Kwa hiyo kwa mwenye C4 na kuendelea siulizi tena habari ya safari. Aende. Fundi alikwenda, kidonda kikafunga, na sasa anasimulia barazani kana kwamba yeye ndiye aliyegundua tiba.

Kabla ya kwenda alikuwa amefanyiwa hijama. Sina ugomvi na hijama, lakini wembe na kikombe juu ya mshipa uliotokeza ni kuomba damu isiyosimama na ngozi isiyofunga. Kuchuliwa nako, kama kuna kamba ngumu, nyekundu na yenye maumivu kwenye mshipa, kuacheni mpaka mtu apimwe.

Na mshipa ukipasuka wenyewe, hata kwa mkwaruzo mdogo chooni, damu huruka kwa nguvu inayotisha. Lala papo hapo, mguu uinuliwe juu kuliko kifua, mtu akandamize kwa leso safi dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kwa kamba. Anayekufa kwa jambo hili mara nyingi ni yule aliyebaki amesimama akitafuta msaada.

Kwa hiyo nani achague nini

Mwenye utando wa buibui tu: aache, au achome sindano akipita Mombasa kwa shughuli nyingine. Mwenye C2 isiyomsumbua: atembee ufukweni mpaka Shela na kurudi, ainue miguu jioni, avae soksi akivumilia, na hakuna haja ya kuharakisha. Mwenye dalili na dopla imeonyesha mshipa mkubwa unavuja: leza au mawimbi ya redio kama fedha ipo, kisu kama haipo au kama ndicho kilicho karibu, na povu liwe la kumalizia. Mzee asiyeweza kulala kwenye kitanda cha upasuaji: povu linaweza kuwa la kwanza, na daktari atamwambia.

Panga pia kurudi. Kukaa kwenye basi saa nyingi mara tu baada ya tiba kunaongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo uliza ni siku ngapi usubiri, na utafute mwenyeji atakayekuvumilia siku hizo. Niliporudi nilichukua kiti cha njiani na kushuka kila liliposimama, Malindi, Garsen, Witu, nikizunguka basi kama mtu aliyepoteza kitu.

Na kabla ya kutoa shilingi, uliza kama bei hiyo ni ya mguu mmoja au ya miguu yote miwili, kama dopla ya kurudia imo ndani, na kama SHA, bima ya afya ya serikali, itatoa chochote, jibu hilo uandikiwe. Mimi niliuliza baada ya kulipa.